Ngoma ya Tabaka la Tatu

Juzi binti yangu alikuwa akicheza gemu, akaisimamisha ghafla na kuniuliza: "Baba, huyu anayepiga ngoma anajuaje kwamba nimelikaribia zimwi?" Nikaanza kumweleza habari za tabaka za muziki, lakini macho yake yalikuwa yamesharudi kwenye skrini. Nikamwacha. Swali lenyewe ndilo lililokataa kuniacha, likanirudisha kwenye kile chumba cha kujaribia gemu, mwaka ule nilipotoka kutunga muziki wa filamu nikaanza kutunga wa gemu.

Kwenye filamu, picha ikishahaririwa na kufungwa, mlango unaofungwa sekunde ya 47 utafungwa sekunde ya 47 siku zote. Mtunzi anapiga hesabu zake: picha ni fremu 24 kwa sekunde, mapigo ni 120 kwa dakika, kwa hiyo kila pigo linachukua fremu 12, na vayolini zinaangukia pale pale komeo linapolia. Kwenye gemu hakuna sekunde ya 47. Mchezaji anaweza kufika mlangoni baada ya sekunde 10, au akakaa nje robo saa akitazama nyasi. Muziki unapaswa kumsubiri bila kumchosha, kisha ujue la kufanya pindi anapoinuka.

Wenzetu walianza kulishughulikia jambo hili zamani. Gemu ya Space Invaders ya 1978 ilikuwa na noti 4 tu nzito zinazojirudia, zikienda mbio kadiri maadui wanavyosogea. Mwaka 1991, kampuni ya gemu ya LucasArts walikuwa tayari wanatumia iMUSE, mfumo wa Michael Land na Peter McConnell uliowezesha muziki kubadilika katikati ya mchezo bila kukatika. Yote hayo niliyajua kwa kuyasoma. Kuyaona yakimwingia mtu aliyeketi mbele yako ni habari nyingine kabisa.

Kipande cha muziki tulichokuwa tukikijaribu kilikuwa cha ukumbi mrefu wenye giza, ghala lililojaa makasha. Nilikiandika kwa tabaka 3, zote za mapigo 80 kwa dakika, zote zikienda pamoja tangu mwanzo ila nyingine zimezimwa sauti. Chini kulikuwa na cello zinazovuta noti ndefu. Juu yake marimba, moja moja. Tabaka la tatu lilikuwa ngoma, iliyopigwa kwa kiganja, na kazi yake ilikuwa kuingia adui akiwa karibu lakini hajaonekana bado.

Mimi na msanidi programu wetu tulibishana sana juu ya namna ya kuiingiza. Ustaarabu wa muziki unataka ngoma isubiri mzunguko wa mapigo 4 umalizike. Kwa mwendo ule, mzunguko mmoja ni sekunde 3, na ndani ya sekunde 3 adui anakuwa ameshamfikia mtu. Tukakubaliana iingie kwenye pigo linalofuata tu, yaani isizidi robo tatu ya sekunde, na ianze kwa sauti ya chini.

Aliyekuja kujaribu alikuwa dada mmoja asiyetufahamu, na hakuambiwa lolote kuhusu muziki. Nilisimama nyuma yake, kando kidogo, mahali nilipoweza kuona skrini na mikono yake kwa pamoja. Aliingia ghalani kwa mwendo wa mtu anayejiamini, akapita makasha ya kwanza, akapita ya pili. Cello zinavuta. Marimba ikadondosha noti, ikanyamaza. Kisha nikaisikia ngoma ikiingia chini ya vile vyote, kwa udogo mno. Mimi mwenyewe niliisikia kwa sababu nilikuwa nikiivizia.

Kidole gumba chake kiliinuka kutoka kwenye padi ya kuchezea. Mhusika wake akasimama katikati ya ukumbi. Skrini haikuwa na kitu, si kivuli, si nyayo. Dada akarudisha mabega nyuma, akashusha pumzi, akamsogeza mhusika taratibu hadi nyuma ya kasha na kumchutamisha. Ngoma ikaongezeka. Ndipo adui akatokea kwenye kona, akapita kwa hatua zake nzito, akaenda. Ngoma ikafifia. Dada bado hakuwa amegusa padi tena tangu alipojificha.

Baadaye aliulizwa alijuaje. Akasema alihisi tu kuna mtu. Alipoulizwa kuhusu muziki, akafikiri kwanza, kisha akasema hakumbuki kama ulikuwepo.

Msanidi alinigeukia akitabasamu. Mimi nilitoka nje nikasimama peke yangu, maana furaha ilikuwa imenizidi. Mwongozaji mmoja wa filamu aliwahi kuniambia kwamba muziki mzuri hausikiki, nami sikumkubalia, na hata leo namkubalia nusu. Mwongozaji Hitchcock alitaka lile tukio la mauaji bafuni katika filamu yake Psycho ya 1960 lisiwe na muziki kabisa. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akauandika hata hivyo, Hitchcock akaukubali, na hakuna asiyezisikia zile vayolini.

Gemu lile halikutoka. Fedha ziliisha, timu ikatawanyika. Msanidi akahamia kwingine, na walipohitaji mtunzi akanitaja, kwa sababu ya dakika ile moja ghalani. Kutoka hapo kazi zimezaana. Sampuli nilizokuwa nikiwatumia waongozaji sikumbuki kama ziliwahi kunipa chochote. Vijana wakiniuliza waanzie wapi, nawaambia wajifunze FMOD au Wwise, programu za kuunganisha muziki na gemu, wauingize muziki wao kwenye gemu dogo la rafiki, kisha wamtazame mtu akicheza. Sijui kama hiyo ni njia au ilikuwa bahati yangu tu.

Kipande cha ghalani si changu. Mkataba ulikuwa wa kawaida katika kazi hii: unalipwa mara moja, haki zote zinabaki kwa kampuni, gemu litoke lisitoke. Niliwaandikia nikiomba nikinunue, sikujibiwa. Siku hizi naomba kipengele kinachosema gemu lisipotoka ndani ya muda tuliokubaliana, muziki unarudi kwangu. Wengine wanakubali. Wengine wanakataa, na gemu likiwa zuri, mara nyingi nasaini vilevile.