Siku yangu na gugu karoti

Saa 12 asubuhi. Mvua imenyesha usiku kucha na Mlima Meru umejifunika mawingu. Nafurahi: udongo ukilowa, gugu karoti hung'oka na mzizi wake. Nasimamia bustani hapa Arusha, na wiki hii tuko kwenye eneo la wazi kando ya Mto Themi linaloandaliwa kuwa bustani ya kupumzikia.

Saa 1. Glavu, barakoa, mikono mirefu. Kijana mpya anashangaa: "Dada, yote haya kwa majani laini hivi?" Namwonyesha kiwiko changu chenye makovu ya vipele, kumbukumbu ya siku niliyojifanya ngangari. Wenye pumu, gugu hili huwabana kifua zaidi.

Saa 2 hadi saa 5. Tunang'oa. Jani limechanika kama la karoti, maua ni meupe, madogo kama chenga za mchele. Mche mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Kijana kashika fyekeo, namnyang'anya. Ukilifyeka, linachipua tena shinani, na mbegu umeshazitawanya. Dawa nayo sithubutu, mto uko hatua chache tu, ndani ya zile mita 60 za kando ya mto zinazolindwa na Sheria ya Mazingira ya 2004. Yaliyochanua tunayatia kwenye viroba polepole, kama unabeba unga kwenye upepo.

Saa 5 na nusu nagundua kitu. Yameota kwa mstari. Naufuata hadi pale lori lilipomwaga kifusi miezi mitatu nyuma. Kumbe tulijiletea wenyewe! Ramani ya bustani inaonyesha mabenchi, njia, hadi mapipa ya taka. Udongo utoke wapi, kimya.

Saa 7. Makande. Mzee mmoja anapita na ng'ombe wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ng'ombe akila hilo, maziwa yanakuwa machungu. Ujanani kwetu halikuwepo."

Saa 9, kikao. Naomba mawili: udongo ukaguliwe kabla ya kumwagwa, na ukoka upandwe mara tu tukimaliza kung'oa, maana gugu hili hupenda ardhi tupu. Wanaandika la ukoka. Nadhani kwa sababu hupendeza kwenye picha.

Saa 11. Njiani kuna kijana anauza mashada ya maua. Katikati ya mawaridi kachomeka vimaua vyeupe. Navijua. Nanunua shada zima, natia kwenye kiroba, nakifunga.

"Dada," anacheka, "hayo yanawekwa kwenye maji!"