Mguu wa Kuku

Mpaka leo kaka yangu akitaka kunikera mbele za watu husema, "Muulizeni habari ya mguu wa kuku."

Ilikuwa Newala, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanunuzi binafsi ndiyo kwanza wameruhusiwa kwenye korosho, stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza korosho kwa mnada kupitia maghala, haijasikika bado, na fedha zilikuja taslimu, ndani ya mabegi. Tajiri mmoja alifikia kwetu na kijana mnene asiyevua koti hata kwa jua la saa saba. Nikiwa uvunguni natafuta gololi yangu, nikamsikia baba akimnong'oneza baba mdogo: "Huyo kijana usitaniane naye. Ana mguu wa kuku kiunoni."

Baba alikaa Dar es Salaam miaka mingi, na maneno ya namna hiyo alirudi nayo. Gazetini wanaandika bastola hata sasa. Mguu wa kuku ni la vijiweni, la mtu asiyetaka kuitaja kwa jina lake. Mimi bunduki niliyoijua kwa macho ni gobole la marehemu babu, la kufukuzia nguruwe pori shambani: unamimina baruti mdomoni, unashindilia kwa ufito, halafu unaomba Mungu nguruwe akusubiri.

Mchana mama akachinjiwa jogoo, akampika kwa nazi. Wakati wa kupakua akageuza upawa chunguni mara mbili, mara tatu. Paja moja tu.

"Nani kachukua mguu wa kuku?"

Kaka akatazama makuti juu. Mimi nikajibu kwa sauti ya mtoto anayengoja kusifiwa: "Anao mgeni, mama! Kauficha kiunoni. Baba kasema."

Kati ya jiko na baraza palikuwa na ukuta wa udongo usiofika juu. Upande wa pili mazungumzo yakakatika. Kiti kikaburutwa. Bibi, aliyekuwa anapeta mchele, ndiye pekee aliyeendelea: "Kiunoni? Na mchuzi wote ule?"

Tajiri ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, baba naye akacheka, kicheko cha mtu anayelipa deni. Kijana hakucheka, alifunga kifungo cha koti. Jioni baba alinifundisha maana ya neno lile kwa fimbo. Bibi alipoelezwa alisikitika tu: bunduki isiyofika begani, alisema, itamtisha nguruwe gani?

Kesho yake niliukuta mfupa nyuma ya choo. Nyama kaka alikuwa ameimaliza yote, lakini paja na muundi vilikuwa bado vimeshikana kwa mshipa. Nikaukamata pajani, ukakunjika; muundi ukatangulia mbele, ukaelekea kwenye kuku waliokuwa wanachakura. Kumbe!

Nikamnyatia kaka kwa nyuma.

"Mikono juu," nikamwambia, "au nakwenda nao kwa mama."