Vitu vitatu kila usiku: nilivyotoka kwenye ile hali ya kukosa raha

Kama unaamka asubuhi umechoka kuliko ulivyolala, chai haina ladha, mtu akikupigia unaiangalia simu mpaka ikate, na ukiulizwa una nini jibu lako ni "nimechoka tu", basi hii naandika kwa ajili yako. Nimekaa humo muda mrefu na nimetoka, na nataka nieleze nilivyotoka bila kuruka, kwa sababu wakati ule watu wengi waliniambia jikaze lakini hakuna aliyeniambia huko kujikaza kunaanzia wapi.

Kwa kifupi, nilikuwa Dar nafanya kazi ya ofisini ya mkataba, mkataba ukaisha hawakuuongeza, kodi ya chumba nayo ikawa inakaribia, nikafunga mabegi nikarudi Tanga kwa mama, Makorora. Mama ana kisukari na mguu unamsumbua, nikasema angalau nitakuwa karibu naye. Ila miezi ile ya mwanzo nilikuwepo tu kama sipo. Sikuwa nalia, maana ningekuwa nalia labda ningejua naumwa nini. Nilikuwa nalala mpaka saa nne saa tano, nikiamka cha kwanza simu, naanza kupitia status za watu, huyu kafungua duka, yule kavishwa pete, mwingine yupo Zanzibar na watu wa ofisi ile ile niliyotoka mimi, mpaka nije kunyanyuka kitandani nishajiona sina maana na jua lishapanda. Mchana najilaza tena, usiku usingizi hauji, kesho yake hivyo hivyo.

Na kuna neno moja nilikuwa naambiwa sana, "shukuru Mungu, wenzio wako Bombo wodini hawajiwezi." Najua waliosema walikuwa wananipenda. Lakini lile neno lilikuwa linaniongezea mzigo, kwanza nilikuwa sina raha, nikishaambiwa vile nakuwa sina raha na juu yake najiona mtovu wa shukrani. Na mimi kwa ninavyoona, kushukuru kwa sababu mwenzio anaumia hiyo siyo shukrani, hapo unajifariji kwa shida ya mtu mwingine. Huyo aliyelazwa wodini naye akitaka kushukuru amwangalie nani, aliyekufa?

Aliyenifungua ni bibi mmoja jirani yetu, nesi mstaafu, huwa anapita kumpima mama sukari. Siku hiyo akanikuta barazani nimekaa tu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaingia ndani kwa mama, alipomaliza akaja akakaa pembeni yangu. Hakuniuliza una nini. Akasema, "Mjukuu wangu, leo kitu gani kimeenda sawa?" Nikamwambia hakuna. "Hakuna kabisa? Mama yako sukari imesoma 6, wiki iliyopita ilikuwa 11. Imeshuka yenyewe?" Nikamwambia hapana bibi, siku hizi mimi ndo napika, usiku wali nampunguzia na uji simwekei sukari. Akaniangalia. "Basi hicho kimeenda sawa, na sababu yake umeitaja mwenyewe. Leo kabla hujalala andika vitu vitatu vya namna hiyo, na kila kimoja uandike kwa nini kimeenda sawa. Usiache hiyo kwa nini."

Nikaandika, kwenye daftari la kawaida la mistari ambalo mama alikuwa anaandikia madeni ya vikoba. Usiku wa kwanza nilikaa sana na kalamu mkononi sioni cha kuandika zaidi ya hiyo sukari ya mama. Mwisho nikaandika hivi: Sukari ya mama imeshuka, kwa sababu nimempikia vizuri na yeye amekubali kula ninachompa. Nguo zimekauka kabla ya mvua, kwa sababu mtoto wa jirani aliniita akasema dada anua nguo mawingu hayo. Mihogo ya leo ilikuwa laini, kwa sababu yule mama wa mihogo kaniwekea pembeni vipande vya katikati, anajua mama hawezi kutafuna vigumu.

Nikaisoma. Nikaona kitu ambacho mchana kutwa sikukiona, kwamba kuna watu walikuwa wananifikiria. Mtoto hakuambiwa na mtu aje aniite. Mama wa mihogo hajawahi kuniuliza habari za kazi yangu ya Dar, yeye anawaza meno ya mama yangu. Hapo ndo nikaelewa kwa nini bibi alisisitiza ile sababu, maana ukiandika "nguo zimekauka" ni bahati tu, lakini ukiandika kwa nini, ghafla kuna mtu anatokea kwenye sentensi, ama mwenzio ama wewe mwenyewe, na mtu aliyekuwa anajiona hana maana anaanza kujikuta humo, nimepika, nimefua, nimempeleka mama kliniki.

Baadaye nikaja kusoma kwamba zoezi hili hili wataalamu wa saikolojia wameshalipima. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake Marekani walichapisha matokeo yao, kuna watu walipewa kazi ya kuandika kila usiku kwa wiki moja vitu vitatu vilivyoenda vizuri na sababu zake, na miezi sita baadaye hao walikuwa bado na furaha zaidi na dalili za sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni na kukosa raha, zimepungua, hasa wale walioendelea kuandika wenyewe hata baada ya ile wiki kuisha. Nilipoona hivyo nikafarijika sana, kwa hiyo bibi hakuwa ananibembeleza tu.

Nikajiwekea masharti yangu. Maneno makubwa marufuku, yaani uhai, afya, familia, hayo nayashukuru kwenye sala, kwenye daftari nataka kitu ambacho kimetokea leo na hakikutokea jana. Na kurudia marufuku, kama jana niliandika upepo wa jioni leo nitafute kingine. Hiyo ya kutorudia ndo imenisaidia kuliko zote, kwa sababu mchana nikawa natembea macho wazi, nikiona kitu najisemea hiki cha usiku hiki, nikawa naokota mambo ambayo zamani nilikuwa nayapita.

Lakini daftari peke yake lisingetosha, nasema ukweli, maana usiku naandika vizuri, asubuhi naamka na ile simu. Kwa hiyo kitu cha pili ilikuwa kuihamisha simu. Ikawa inalala sebuleni kwenye chaji, nikanunua kisaa kidogo cha alamu cha kuweka kichwani mwa kitanda. Nikishaswali alfajiri sirudi kitandani, natandika kitanda hapo hapo, nakunywa maji, natoka kwenda kununua vitumbua, na simu siigusi mpaka nirudi. Basi. Usidharau safari ya vitumbua, ni kutembea, ni jua la asubuhi usoni, ni kusalimiana na watu wasiopungua wanne watano kabla siku haijaanza. Ule mwanga wa asubuhi ndo unaouambia mwili kwamba siku imeanza, na kuanzia hapo mwili unajipangia usiku saa ngapi ulete usingizi, na kweli usingizi ulirudi taratibu, nikaanza kupata usingizi mapema bila kupigana nao.

Na kuna siku nilikuwa sitaki kabisa kutoka. Hapa nataka nisisitize kwa sababu ndo watu wengi wanapokwama, tunasubiri hamu ije kwanza ndo tufanye, na moyo ukiwa chini hamu haiji, utasubiri mpaka magharibi. Wataalamu wana tiba nzima ya sonona iliyojengwa juu ya hilo, mtu hasubiri kujisikia vizuri, anapanga kitendo kidogo chenye saa yake anakifanya hivyo hivyo alivyo, hisia zinakuja nyuma. Mimi niliishika kwa kukifanya kitendo kiwe kidogo kiasi kwamba hata siku mbaya nakiweza. Sikujiambia nitakimbia kila siku mpaka Raskazone. Nilijiambia vitumbua. Baiskeli ya marehemu baba ilikuwa imeegeshwa uani tairi zimekwisha upepo, hiyo nilikuja kuigusa baadaye sana, nguvu ziliporudi.

Na hiyo baiskeli ndo ilinipeleka kwenye kitu cha tatu. Madrasa tulifundishwa kwamba shukrani ni ya moyo, ya ulimi na ya viungo, na ile aya ya 7 ya Surat Ibrahim, mkishukuru nitakuzidishieni, nimeijua tangu mtoto. Ila kuna hadithi ya Mtume nayo tunaijua wote, asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu, na mimi daftari lilikuwa limejaa watu ambao hawajui kama wameandikwa. Nikaanza na mama wa mihogo, nikamwambia tu, mama nashukuru unavyomwekea mama mihogo laini, akacheka akasema eti ndo unaniambia leo, na kesho yake akaongeza kipande.

Halafu nikaenda Ngamiani kwa fundi baiskeli. Huyu mzee nilipokuwa sekondari alikuwa ananitengenezea baiskeli na pesa sina, anasema utaleta, na mara nyingine hakuidai kabisa, bila yeye kuna mitihani ningechelewa. Nimefika nimemkuta kainama anaziba pancha, tyubu ipo kwenye karai la maji anatafuta mapovu yanapotokea. Shikamoo baba. Marahaba. Nikajitambulisha, hakunikumbuka. Nikamwelezea baiskeli ilivyokuwa, kengele imevunjika, keria imefungwa kamba ya katani, hapo akainua kichwa, "Wewe ndo binti wa ile Phoenix ya kamba?" Nikamwambia ndo mimi, na nimekuja kukushukuru, nilimaliza shule kwa sababu yako. Akanyamaza, akafuta mikono kwenye tambara, akaniambia kaa. Tulikaa mpaka adhuhuri ananihadithia habari za kitaa, na baiskeli ya baba akaifunga tyubu mpya, safari hii nililipa.

Nilirudi nyumbani nina furaha ambayo sijaisikia muda mrefu. Lakini nikuambie pia kwamba ile furaha ya siku ile haikukaa, baada ya wiki chache ilikuwa imeisha nguvu, na kwenye utafiti ule ule wa akina Seligman waliona hivyo, kwenda kumshukuru mtu ana kwa ana kulileta furaha kubwa ya haraka kuliko mazoezi mengine yote, ila ndani ya miezi michache ilikuwa imefifia, wakati vile vitu vitatu vya usiku vinapanda polepole lakini vinakaa. Kwa hiyo mimi nafanya vyote, daftari kila siku, na mtu wa kumshukuru kila nikipata nafasi.

Siku za kurudi nyuma zipo, sitakuficha. Masika yalipoanza mvua haikati, vitumbua hakuna, nikaruka, nikaruka tena, ile sauti ya zamani ikaanza umeona huwezi kitu. Kilichonisaidia ni kujua kwamba mazoea hayajengwi kwa kutokukosa. Kuna utafiti wa Phillippa Lally wa London wa mwaka 2010, walifuatilia watu wanaojijengea tabia mpya, kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka kitu kije chenyewe, lakini wengine 18 na wengine zaidi ya 250, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Nikatulia. Mvua ikinyesha nafungua dirisha nakaa pale na chai mpaka kupambazuke, ndo kutoka kwangu kwa siku hiyo. Na usiku mmoja mama sukari ilishuka ghafla tukahangaika naye mpaka alfajiri, kwenye daftari niliandika "leo nimeogopa sana", sikuandika kingine, na sikujilazimisha, daftari siyo la kujidanganya kwamba kila kitu kizuri.

Na kama kwako umezidi, wiki mbili zimepita karibu siku nzima uko hivyo, huli, hulali, au yanakujia mawazo ya kwamba bora usiwepo, usikae na daftari ukadhani litatosha. Mwambie mtu wa karibu leo leo na uende hospitali, hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina huduma ya afya ya akili, unaenda kama mtu anavyoenda na malaria. Yule bibi nesi aliniambia hivyo hivyo siku ile ile, akasema tukifika mwisho wa mwezi sijakuona umebadilika nakushika mkono tunaenda wote.

Kazi ya kudumu bado sijapata. Naomba, naandika barua, na huku nauza barafu za ubuyu na ukwaju kwa watoto wa shule, nikiamka nina kitu cha kufanya na nakifanya. Mama naye kaingia kwenye daftari, kila usiku ananiuliza umeshaandika? Nikisema bado anaanza kutaja vyake mimi naandika, juzi alifika cha saba nikamwambia mama ni vitatu tu, akaniambia wewe andika, hujasikia bado habari ya yule kuku.