Kimbunga Kikitangazwa, Naanza na Maji

Wengi wetu Dar es Salaam tumezoea kuona vimbunga kuwa balaa la Msumbiji na Madagaska, na dhana hiyo haikutoka hewani, kwani jiji letu liko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, mahali ambapo vimbunga ni nadra kufika. Hata hivyo, Aprili 2021 Kimbunga Jobo kilielekea huku kikafifia kabla ya kutufikia, na Mei 2024 Hidaya kilitua Mafia, huku mvua zake zikiikata barabara ya Lindi pale Somanga.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari, mitaani huzungumzwa upepo. Mimi nadhani kwa nyumba nyingi za jiji hili adui mkubwa ni maji, kwa hiyo kazi ya kwanza nyumbani kwangu huwa ni mtaro. Tunatoa mchanga, chupa na mifuko hadi chini ya karavati la jirani, kwa sababu mtaro uliozibwa mbele ya geti lake huyarudisha maji uani kwetu, hata kama upande wetu unang'aa.

Baada ya hapo fundi hupanda juu kukagua mabati, hasa ya pembeni, ambako misumari hulegea taratibu na kuacha tundu lililopanuka kwa kutu. Hapo hupiga msumari mpya kando ya tundu, ukashika mbao nzima. Mawe na matairi tunayoyaweka juu ya paa ili kulishikilia huteremshwa yote, maana upepo mkali ukilinyanyua bati, vitu hivyo huanguka juu ya watu. (Wenye nyumba wengine huona gharama ya fundi ni ya kupoteza, lakini wapangaji wakichangishana, kazi huisha mapema zaidi.)

Ajabu ni kwamba mvua inaponyesha kupita kiasi ndipo maji ya kunywa yanapoadimika, kwa kuwa vyoo vya shimo hufurika na kuchafua visima. Hivyo tunajaza simtanki na ndoo zenye mifuniko, tunachemsha ya kunywa mapema, tunanunua umeme wa LUKU na kuchaji simu kabla mtandao haujasumbua. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na karatasi za kiwanja hufungwa katika mifuko miwili ya nailoni na kuwekwa ndani ya begi la kubeba mgongoni, pamoja na dawa za mama mkwe.

Wanaoishi Jangwani, Kigogo na kwingineko bondeni wasingoje maji yafike mlangoni. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, kwa hiyo unaweza kufurika mjini hata mvua ikiwa imekatika juu ya vichwa vyao. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande, na anayeyakumbuka atakubali kwamba kuondoka mchana, watoto wakiwa wamevaa viatu, ni heri kuliko kuondoka usiku.

Umeme nauzima kwenye swichi kuu kabla maji hayajafikia soketi za chini, na hauwashwi tena mpaka kuta zimekauka na fundi umeme amekagua nyaya zote, hata kama nyama ya kwenye friji itaharibika.