Mjomba na karatasi ya bluu

Jana usiku nilikuwa shifti hapa Lowell, Marekani, wazee ninaowahudumia wote wamelala isipokuwa yule wa chumba cha mwisho anayebonyeza kengele kila saa akitaka maji asiyoyanywa, basi saa saba nikajificha jikoni na chai yangu nikampigia mjomba. Mombasa ilikuwa saa tatu asubuhi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, huyo Alina Habba wa New Jersey alifanyiwa intavyuu na nani?"

Hata hali hajaniuliza! Mjomba alikuwa karani wa mahakama miaka mingi, akisikia kitu cha mashtaka redioni hatulii. Amesikia kwamba 2025 mahakama ziliamua yule mama anaiongoza ofisi ya mwendesha mashtaka wa federali kinyume cha sheria. Nikamweleza nnavyojua mie, kwamba mwendesha mashtaka wa muda anawekwa na Mwanasheria Mkuu kwa siku 120, zikiisha na Seneti haijapitisha mtu, majaji wa pale wanaweza kumteua wao. Na majaji walimchagua mwengine kweli, naibu wake, naye akafutwa kazi papo hapo.

"Aah," akasema mjomba, na nikasikia kijiko kinagonga kikombe. "Lakini hujanijibu. Intavyuu?"

Ndio nikakwama. Kwetu Kenya akitafutwa DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka ya umma, jopo linaundwa, majina yanatoka, mwisho mteuliwa anakaa mbele ya kamati ya Bunge anaulizwa mpaka mali yake ni shilingi ngapi, na sisi tunatazama tukimkosoa hadi tai. Huku waendesha mashtaka wa federali wako 93 nchi nzima, wanateuliwa na rais kwa miaka minne, na mimi karibu miaka kumi hapa sijaona hata mmoja akihojiwa. Kumbe kwa desturi kamati ya Seneti haiwaiti kabisa! Wanapelekewa makaratasi, wanapiga kura, basi. Mchujo wenyewe unafanyika huko nyuma, majimbo mengine maseneta wao wanaunda kakamati kao ka mawakili, watu wanatuma maombi, wanahojiwa mlango umefungwa, jina linapelekwa Ikulu. Halafu kila seneta wa jimbo anapewa karatasi ya bluu, asipoirudisha jina linalala hapo hapo. Karatasi tu, mjomba!

Mimi mwenyewe nilidanganyika na Rachael Rollins, aliyeteuliwa mwendesha mashtaka wa federali wa hapa Massachusetts. Desemba 2021 kura za Seneti zilikuwa 50 kwa 50, Kamala Harris, makamu wa rais wakati ule, akaja kuvunja sare, Rollins akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kushika ofisi hiyo, nikapiga kigelegele kwenye gari nikiwa paking ya kazini. Nilidhani nimeona uteuzi wote, kumbe niliona mkia. Maneno yalikuwa ni ile orodha yake ya 2019, akiwa DA, yaani mwendesha mashtaka wa kaunti ya Suffolk yenye Boston, ya makosa 15 madogo ambayo kwa kawaida hatayapeleka kortini. Hilo lilijadiliwa hadi likachuja. Mei 2023 akajiuzulu, ripoti ya mkaguzi wa Wizara ya Sheria imesema alijaribu kuingilia uchaguzi wa DA aliyemfuata, tena alikwenda kwenye harambee ya chama cha Democrat mji wa Andover, hapo hapo ninapopita kila siku kwenda kazini. Niliumia kama vile ni dadangu. Na mpaka leo sijui ile kakamati ka mawakili kalimuuliza nini, kama kuna aliyethubutu kumuuliza siasa atazivua vipi akiingia ofisi ile, manake DA huku anapigiwa kura kama MCA, diwani wa kaunti kwetu, huwezi kumtoa kwenye kampeni leo kesho ukataka asiwe na marafiki.

Mjomba akanyamaza kidogo. "Hata kwetu msitucheke, tunawahoji hadharani na bado tunajua nani atapita kabla hajakaa kitini." Halafu akauliza, "Sasa hiyo karatasi, kwa nini bluu?"

Kengele ya chumba cha mwisho ikalia, nikakata simu.

Nimeamka saa tisa mchana nikamtumia voisi ya dakika sita, kwamba ni rangi ya karatasi tu, desturi ya kamati tangu zamani, wala haimo kwenye katiba. Huko ni usiku, amelala. Tiki mbili, bado za kijivu.