Kabla ya Barua ya Kujiuzulu, Piga Hesabu ya Saa Zako

Wengi wanaosema "nimechoka na kazi hii" wamechoka na kitu kimoja ndani ya kazi. Hapa Uganda inaweza kuwa foleni ya barabara ya Jinja, zamu za usiku, au bosi ambaye huenda mwakani akahamishiwa Mbarara. Anayetupa taaluma nzima kwa sababu ya bosi mmoja hupoteza miaka ya uzoefu, halafu humkuta bosi wa aina ileile huko aendako. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua hasa kinachokuumiza, na kwa hilo huhitaji mshauri wa kulipwa. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha.

Chora safu tatu: saa, ulichofanya, alama. Alama ni jumlisha kama shughuli ile imekuacha na nguvu, kutoa kama imekunyonya, sifuri kama haikukugusa. Jaza mara mbili kwa siku, wakati wa chakula cha mchana na jioni, kwa siku 14 mfululizo. Usingoje kesho yake, maana akili hukumbuka ugomvi wa dakika tano na kusahau saa tatu za utulivu. Usianze pia wiki ya mshahara, kwa sababu wiki hiyo hata kazi mbaya ina utamu.

Tuchukue ukurasa wa mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi. Saa tatu hadi saa tano, kulinganisha vitabu na taarifa ya benki: jumlisha. Saa tano hadi saa saba, kuwapigia simu wadaiwa: kutoa. Saa nane hadi saa tisa, kumweleza mwenye duka kwa nini faida si sawa na pesa iliyoko kwenye droo: jumlisha. Saa tisa hadi saa kumi na moja, wadaiwa tena: kutoa, tena kwa wino mzito. Huyu hana ugomvi na uhasibu. Anahitaji nafasi isiyo na kukimbizana na madeni, na pengine ataipata kwa kuzungumza na mwajiri huyuhuyu.

Kama kutoa zimejaa kila mahali, hata kwenye mambo uliyokuwa ukiyapenda, tulia kwanza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazini kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kuidharau kazi yako, na kuona huwezi tena kuifanya vizuri. Likasema wazi kwamba hilo si ugonjwa. Lakini ukikosa usingizi na hamu ya chakula wiki mbili mfululizo, nenda hospitali kabla ya kuamua lolote. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na si lazima ufike Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Uamuzi wa kazi unaofanywa katika hali hiyo huwa mbaya karibu kila mara.

Sasa maadili yako. Ukimuuliza mtu anathamini nini, atasema familia na Mungu. Sawa, lakini omba taarifa ya mobaili mani ya miezi mitatu iliyopita, uone pesa ilikwenda wapi. Kama kila mwezi unamlipia mdogo wako karo bila kuombwa mara mbili, hilo ni thamani ya kweli. Kama unasema afya kwanza na jina la zahanati halionekani hata mara moja, ni neno tu. Jiulize pia ni lini mara ya mwisho ulikataa pesa, na kwa ajili ya nini. Malengo mengi tunayobeba yalipangwa na wengine tukiwa kidato cha nne. Tangu Julai 2022, mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika sekondari za serikali analipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, na hoja ya "soma sayansi" imepata nguvu mpya mezani. Ni hoja nzuri ya mshahara. Haimwambii mtoto kama ataweza kusimama mbele ya darasa miaka thelathini.

Ukishajua hayo, pima mshahara kwa saa. Tuseme unaishi Mukono, unafanya kazi Kampala, na mshahara wako kabla ya makato ni 1,500,000. Kwa viwango vya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) vya mwaka 2024, kodi ni 352,000, na mchango wako wa asilimia 5 kwa NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ni 75,000. Mkononi unabaki na 1,073,000, kodi ya huduma za mtaa nikiiacha kando. Teksi na bodaboda 10,000 kwa siku, chakula 5,000, kwa siku 26: 390,000. Zinabaki 683,000. Saa za kazi ni 48 kwa wiki, na safari ya saa tatu kwa siku kwa siku sita inaongeza 18, jumla 66, yaani saa 286 kwa mwezi. Kila saa unalipwa takriban 2,390.

Weka pembeni yake kazi ya 1,100,000 palepale Mukono. PAYE 232,000, NSSF 55,000, mkononi 813,000. Usafiri 2,000 na chakula 3,000 kwa siku ni 130,000. Zinabaki 683,000 zilezile! Lakini kwa safari ya nusu saa tu kwa siku, saa ni 221, kwa hiyo umerudishiwa saa 65 kila mwezi. Hasara ipo, na usijidanganye: mchango wa NSSF, wako pamoja na asilimia 10 ya mwajiri, unashuka kutoka 225,000 hadi 165,000. Hiyo 60,000 ni uzee wako. Kama unaweza, iweke akiba mwenyewe.

Wanaotaka kuacha ajira kabisa na kufuga kuku, wajaribu kwanza wakiwa likizoni. Sheria ya Ajira ya 2006 inakupa siku saba za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne ya kazi, yaani 21 kwa mwaka. Tumia siku tano kati ya hizo kwa mfugaji aliyepokea vifaranga wa siku moja. Wiki mbili tatu za mwanzo wanahitaji joto usiku kucha, kwa hiyo mtu aliyekimbia zamu za usiku atajikuta saa nane usiku akiongeza makaa kwenye jiko. Wengine wanarudi wakiwa na hamu zaidi. Wengine wanarudi kimya.

Upande wa pesa, tatizo la Uganda ni kwamba mshahara si wako peke yako. Andika majina ya wote wanaoutegemea na kiasi cha kila mmoja, halafu waambie kabla, kwa tarakimu: "Mama, kuanzia Juni nitatuma 50,000 badala ya 150,000, hadi Desemba." Ukikaa kimya watakopa kwa jina lako, na michango ya kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, haitangoja. Akiba ya miezi sita ya matumizi ndiyo kiwango ninachokiamini, na muda wa kuondoka upangwe kwa kalenda ya shule: karo inagonga mlango mara tatu kwa mwaka, na anayeacha kazi Januari anakutana nayo akiwa bado anaagwa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kutegemea NSSF kama mtaji. Mtu wa miaka 32 akijiuzulu hapewi akiba yake eti kwa sababu hana kazi. Mafao ya uzee ni miaka 55, au 50 kama umekaa mwaka mzima bila ajira. Tangu marekebisho ya 2022, mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20, na mwenye ulemavu wa miaka 40 aliyechangia miaka hiyohiyo, hadi asilimia 50. Kosa la pili ni mkopo wa mshahara. Mshahara ukikoma deni halikomi, kwa hiyo kaa na benki mpange marejesho mapya kabla ya kumwambia mwajiri.

Notisi nayo ina vipimo vyake: wiki mbili kama umefanya kazi zaidi ya miezi sita lakini hujafika mwaka, mwezi mmoja kuanzia mwaka hadi miaka mitano, miezi miwili kuanzia mitano hadi kumi, mitatu kuanzia kumi. Soma pia mkataba wako, maana unaweza kudai zaidi. Barua iwe fupi: tarehe, siku yako ya mwisho, siku za likizo ulizobakiza ambazo unapaswa kulipwa, na ombi la cheti cha utumishi. Malalamiko yaache nje, na usiitume kwa WhatsApp. Chapa nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa mapokezi, uondoke nayo.