Kilomita 96,412

Leo asubuhi nimeiwasha gari, yule mama wa Kijapani aliyemo kwenye dashibodi akaniambia kama kila siku kwamba sijaweka kadi ya barabara za kulipia, nikamjibu "najua mama", halafu nikakaa palepale getini kama dakika kumi injini inanguruma na siendi popote. Jana nilikuwa niiuze. Sijaiuza. Sasa sijui nimekataa kuuza au nimeogopa tu, na kwa sababu mimi ni mhasibu na huwa sipendi hesabu ibaki wazi, nimeona niandike.

Kwa wanaojua magari ni Subaru WRX STI ya 2015, ile wanayoiita VAB. Injini EJ20, cc 1,994, farasi 308, gia sita za manyuo, automatiki hamna hata ulie. Niliiagiza mwanzoni mwa 2022 na mpaka inatoka bandarini ilishanila milioni 74 na kidogo, hela ambayo wenzangu wote walikuwa wanamalizia nyumba nayo. Nilijiona mjanja kwa sababu ilikuwa na miaka saba, yani nimeponea chupuchupu ule ushuru wa uchakavu, gari ikivuka miaka minane TRA wanakuongezea asilimia 15 na ikivuka kumi inakuwa 30. Mwezi wa tatu mwaka ule gari iko baharini, Subaru nao wakatangaza kwamba STI mpya ya injini ya petroli hawatengenezi. Ya Japani yenye EJ20 ilishafungwa mwisho wa 2019, wakatoa 555 za kuagia na basi. Kwa hiyo mimi nimenunua kitu kikiwa kishazikwa ndo kinanifikia bandarini.

Mwaka wa kwanza ilikuwa raha tupu. Trafiki ananisimamisha anauliza "hii ya shemeji?", namwambia shemeji yako mwenyewe hawezi klachi (sina mume, lakini yeye atajuaje). Vijana wa kuosha magari ndo walikuwa wanaumia, wanaizunguka, wanaomba niiwashe, halafu wanauliza "mbona hailii?" Wamezoea zile Subaru za zamani zinazokohoa mtaa mzima unajua fulani amerudi. Hii ya Kijapani mabomba yake ya eksozi yana urefu sawa, moshi unatoka kwa mpangilio, mlio ni wa kawaida tu. Nilishachoka kueleza, siku hizi nasema inaumwa koo.

Ila naishi Madale. Hapo ndo pa kuanzia.

Kutoka lami mpaka kwangu ni kilomita moja na nusu ya vumbi, masika yakija inakuwa mto, na gari ipo juu ya ardhi milimita 135, yani chini ya urefu wa kalamu mpya ya bik. Magurudumu yote manne yanavuta kweli, kwenye tope haikwami, lakini tumbo linakwangua mpaka meno yangu yanauma. Matuta nayapanda kwa mshazari kama kaa. Foleni ya barabara ya Bagamoyo na huu ujenzi wa mwendokasi, kutoka Tegeta hadi ofisini Mikocheni naweza kushinda gia ya kwanza na ya pili saa nzima, lita moja inanipeleka kilomita sita, saba nikiwa na bahati, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nasubiri tangazo la EWURA la bei za mafuta kama matokeo ya mtihani. Bima kubwa asilimia 3.5 ya thamani, pigia VAT juu yake, milioni mbili na laki sita na kitu zinaondoka kila mwaka hata ikae imelala. Tairi za 245/40 inchi 18 sio za kuokota njiani. Oili nacheki kila Jumamosi maana hizi injini za boksa zinakunywa kimyakimya kama mlevi wa siri.

Hayo yote nilishayazoea lakini. Kilichobadilika ni Baba.

Amehamia kwangu mwaka jana, goti la kulia limekufa na nyonga inafuata, na kila mwezi nampeleka kliniki. Kumwingiza Baba kwenye STI ni shughuli. Anageuka mgongo, anashika mlango kwa mkono mmoja na bega langu kwa mkono mwingine, anasema "Bismillahi", anajiachia kama gunia la mpunga. Kutoka ndo mtihani wenyewe, siti ziko chini na zimekumbatia mtu mbavuni, tukifika hospitali lazima nimwite mlinzi anisaidie, na kuna siku mlinzi akasema "mama, mzee huyu mnambeba na gari ya mashindano?" Nilicheka pale, usiku sikulala vizuri.

Na huyu Baba ndo aliyenifundisha kuendesha. Amepeleka mabasi Dar Mbeya miaka 26, mlima Kitonga anaujua kona kwa kona. Alinikalisha kwenye pikapu ya mjomba nikiwa darasa la saba, akaniambia klachi usiikanyage kama unaua nyoka. Nilipomwonyesha hii gari mara ya kwanza nilitegemea atashangilia, akaizunguka, akapiga goti (goti lilikuwa bado zima) akachungulia chini, akauliza "inabeba nini?" Nikamwambia haibebi kitu, ni ya mbio, hizi Subaru ndo zilizoshinda mashindano ya Safari 1997 na 2000, ya kwanza dereva alikuwa Colin McRae mwenyewe. Akanikata. Akaniambia yeye akiwa mdogo Safari ilikuwa inapita mpaka huku kwetu, wanasimama barabarani wanakula vumbi, na Bert Shankland wa hapahapa Dar ndo alishinda 1966 na 1967 na Peugeot 404. "Sasa 404 ndo gari. Inashinda Safari, na ndugu yake wa pikapu yupo Pugu anabeba mkaa."

Kwa hiyo nilipomuuliza mwezi uliopita, Baba niiuze au niiache, kusema kweli nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia niiache. Nilijua dereva atanielewa. Alikuwa anakoroga chai. Akasema, "Uza, mama. Mabasi ya watu nimeendesha miaka yote ile, hakuna nililolilia hata moja. Linakufa, asubuhi unapewa lingine, unasogeza siti, unakwenda." Akanywa chai. Mimi nikabaki.

Nikafungua eksel. Safu moja STI, safu ya pili Toyota Harrier, ile wanayoiita Anaconda, iko juu, mlango mkubwa, Baba anaingia bila Bismillahi. Mafuta, bima, tairi, spea, kila kitu Harrier inashinda, sikuhitaji hata kufika chini ya ukurasa. Nikaifunga. Kesho yake nikaifungua tena nikaanza kutafuta makosa kwenye fomula.

Kitu ambacho sikukiweka kwenye eksel ni Jumapili. Mara moja kwa mwezi, mara mbili ikiwa kazini kumenichosha sana, naondoka saa kumi na moja alfajiri, Bunju, Mapinga, Kerege (hapo hamsini yako iwe hamsini kweli, tochi wanaamka mapema kuliko wewe), nafika Makofia nakata kushoto naelekea Msata. Kilomita 64 za lami. Asubuhi ile ukungu uko bonde la Ruvu, barabara ni yangu na malori mawili matatu, na nikishavipita vijiji naipa gia ya tatu, sindano ya mizunguko ya injini inapanda, elfu tatu hamna kitu, elfu tatu na nusu bado, halafu kwenye elfu nne tabo inaamka na mgongo wangu unagundua siti ilikuwa nyuma yake muda wote. Inadumu sekunde tano labda. Naachia, narudi mwendo wa watu wazima, nafika Msata nanunua chungwa, narudi. Ndo hivyo tu. Milioni 74 kwa sekunde tano na chungwa, na huo ndo muda pekee kwa mwezi mzima ambao hakuna mtu ananiuliza kitu.

Nishajaribu kujiambia Harrier nayo inafika Msata. Inafika.

Kinachonitia hofu hasa ni kwamba hii biashara haina kurudi nyuma. Ukiuza Harrier ukajuta, mjini zimejaa, wiki ijayo unayo nyingine. Mimi nikiuza hii nikajuta, zile za mwisho kabisa za 2019 zinafika miaka minane 2027, baada ya hapo kila moja inayoshuka bandarini ina uchakavu juu, na kule Japani kwenyewe bei haishuki maana kila mtu duniani anazitaka hizohizo.

Basi jana. Dalali amemleta kijana, mpole tu, shikamoo nyingi, "dada gari umeitunza", ana milioni 61 na hataki longolongo. Nikashampa kadi aisome. Kichwani Harrier nishaipaki uani. Akaomba aiwashe, nikampa funguo, injini imelala tangu juzi yake, ya baridi kabisa, na injini ya baridi haipigwi resi. Akawasha. Sekunde tatu hazijafika akapiga resi mpaka sindano ikagusa nyekundu. Akaachia, akapiga tena, anamwangalia dalali anacheka, anataka kusikia mlio ambao hata haupo.

Nilijikuta nimeshaingiza mkono dirishani nimezima. Nikamwambia samahani mdogo wangu, siuzi. Dalali akadhani nataka bei, akapandisha hadi 63 hapohapo bila kumuuliza mwenye hela. Siuzi. Kijana wa watu akabaki ananiangalia kama nimemtukana, na ukweli hakufanya kosa la kunyimwa gari, gari ikishalipiwa ni yake aipige resi mpaka iote mbawa, mimi inanihusu nini? Baba alikuwa barazani anaona yote. Wameondoka akasema neno moja, "Sawa." Sijawahi kusikia sawa nzito namna ile.

Usiku nimempigia fundi wangu wa Ilala. Akasema dada kama unauza, uza kabla ya laki, kwa sababu EJ20 taimingi yake, ile inayopanga valvu na pistoni zisigongane, ni ya mkanda, ndo belti yenyewe, kilomita 100,000 lazima itoke, na ukiifungua unabadilisha na pampu ya maji na rola zake, la sivyo ukatike mkanda valvu zigongane na pistoni uanze kulia upya. Nikasema vizuri, hiyo ndo tarehe. Ikifika laki naamua, nikifunga belti mpya basi inabaki na namtafutia Baba usafiri mwingine wa kliniki, nisipofunga inaondoka na anayeitaka aipige resi. Nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni ili nisijidanganye. Natembea kama kilomita 900 hadi elfu kwa mwezi, zimebaki 3,588, kwa hiyo ni miezi mitatu na nusu, minne. Baba nimemwonyesha kalenda, akauliza na goti lake nalo limeambiwa lisubiri laki? Sikuwa na jibu.

Sasa turudi leo asubuhi, mimi nipo getini, gari inanguruma, nimetumwa nyanya na dawa ya mbu, duka lipo barabarani kilomita moja na nusu kwenda na moja na nusu kurudi. Nikaangalia namba pale kwenye dashibodi, 96,412. Nikazima. Nikatoka nje nikaita bajaji, elfu mbili kwenda, elfu mbili kurudi, nyanya zenyewe za elfu moja.